Dawa ya Deni

Nilishuka ngazi na upepeo wa karatasi mkononi,
nikabisha mlango wa chini: Bibi Kiyono,
leo mosi Agosti, mji mzima unakwenda mtoni Jinzu,
twende tukatazame fataki.

Alikuwa amekwisha kufunga madirisha ya mbao.
Joto la Toyama ndani ya kile chumba
lilikuwa kama pumzi ya ng'ombe,
naye kavaa soksi,
kajifunga kitambaa cha pamba kichwani,
kimefunika masikio.
Vua viatu, akasema. Bado dakika ishirini.

Mimi mwanafunzi wa famasia, mwaka wa tatu,
najua kila dawa kwa majina yake mawili, la kemia na la duka,
sikujua kwamba mwenye nyumba wangu
alizaliwa ndani ya dawa:
baba yake mchuuzi, sanduku la matete mgongoni, tabaka tano,
akipanda milima hadi vijiji vya theluji
kuacha vidonge vya tumbo, vya homa,
vya watoto wanaolia usiku bila sababu,
asipokee hata senti.
Tumia kwanza. Mwakani nikirudi
nitahesabu ulichotumia, utanilipa.
Na kila nyumba ikaandikwa daftarini.

Usiku ule alikuwa na miaka tisa.
Baba akampa daftari, si chakula, si nguo:
kimbilia mtoni, usililoweshe.
Mama akampa kofia nene ya pamba:
hii iloweshe.

Nikasimama majini hadi kifuani, akasema,
kichwa kimerowa, mikono juu, daftari kavu.
Maji ya juu yalichemka, ya chini yalikuwa baridi.
Watu walinipita wakielea.
Mmoja alinishika sketi.
Nilihitaji mkono mmoja tu kumvuta.
Mkono mmoja tu.

Mlio wa kwanza.
Kioo cha kabati kikatetemeka,
nikaona vidole vyake vinapanda, vinapanda,
hadi juu ya utosi,
vimeshika kitu ambacho hakipo.

Sisi neno letu ni moja, nilitaka kumweleza:
fataki ya bunduki, fataki ya sherehe.
Kwao huitwa maua ya moto.
Sikusema. Kijapani changu
hakina ngazi za kushuka huko.

Baba na mama hawakufika mtoni.
Daftari lilifika.
Vita vilipokwisha watu wa milimani walikuja kulipa,
kwa miguu, na mchele, na maharage,
mwanamke mmoja na mtoto aliyepona homa,
kamsukuma mbele ainame.
Kila jina alilipigia mstari.

Kwetu husemwa dawa ya deni kulipa.
Hilo nikalisema, neno kwa neno, nikikosea vitenzi.
Akacheka kidogo, jino la dhahabu likang'aa.
Kisha akauliza, kama anayeuliza bei:
na yule aliyenishika sketi,
nyumba yake iko kijiji gani?

Nje, mji ukapiga makofi.

Akavuta droo. Daftari lenyewe,
kingo zimepata rangi ya chai,
ukurasa wa mwisho mtupu.
Akanipa pakiti ya vidonge vya tumbo, vya kisasa, vya dukani:
unakula tambi nyingi za pilipili,
nakusikia unavyohangaika usiku juu ya dari yangu.
Nikatoa pochi. Akaisukuma kwa kiwiko.
Akalamba ncha ya penseli, mlio mwingine ukapita,
mkono ukaruka, mstari ukapinda,
akaendelea. Herufi zao hazina L;
Salmini likawa
Sa-ru-mi-ni. Pakiti moja.

Mwakani, akasema, nitahesabu.